Ndalambo, Nchi ya Miombo na Nyuki: Je, Mfuga Nyuki Apewe Ruzuku?

Ndugu wasomaji, mji wa Tunduma wengi wenu mnaujua, hata ninyi ambao hamjaukanyaga. Ndio mlango wa kuingilia Zambia. Malori yaendayo Zambia na Kongo hujipanga hapo foleni ndefu, na madereva hupika chai kando ya matela wakingoja karatasi zao. Lakini Ndalambo ni wachache waijuao. Leo nataka tufuatane huko, maana nilisikia huko neno moja juu ya asali ambalo sijaacha kulifikiri, nalo lawahusu hata ninyi mkaao mbali na mzinga wowote.

Njia ya kwenda

Ukifika Tunduma, iache barabara ya Zambia, ushike ile iendayo Sumbawanga. Mkono wa kushoto, si mbali sana, ni nchi ya Zambia. Mkono wa kulia nchi hushuka hata bonde la Ziwa Rukwa, ambako mto Momba humwaga maji yake. Kata ya Ndalambo iko katika wilaya iliyopewa jina la mto huo. Wilaya ya Momba ilikatwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Basi mzee wa Ndalambo amebadili wilaya na mkoa bila kuhama nyumba yake. Wenyeji wengi ni Wanyamwanga. Ndugu zao wako hata ng'ambo ya mpaka, na arusi na misiba yao haiulizi nani ni wa Zambia na nani ni wa Tanzania.

Zamani njia hii ilikuwa taabu tupu: kiangazi vumbi, masika matope. Lami iliwekwa katika miaka ya 2010, kwa fedha ya msaada wa Marekani ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 2008. Likumbukeni jambo hili. Barabara yenyewe tuliyopita ni ruzuku. Hakuna mwanakijiji aliyeuza ng'ombe ili ijengwe, na kila mtu hupita bila kulipa.

Nilikwenda mwezi wa Oktoba, mvua ikikaribia. Huo ndio wakati wa kuuona msitu wa miombo. Miti hutoa majani mapya kabla ya mvua kunyesha, na majani hayo si ya kijani bali mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Ukisimama chini ya mtundu uliochanua, wasikia mngurumo juu ya kichwa chako kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Hao ni nyuki.

Lakini msafiri aona na jambo jingine. Kandokando ya barabara magunia ya mkaa yamesimama kama watu wangojao basi. Lami iliyomrahisishia mwenye asali njia ya soko imemrahisishia na mwenye mkaa.

Mzee na daftari

Nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye ana mizinga tangu ujana wake. Alinipokea vizuri, akaniita mwanangu, akanipa kigoda na kipande cha sega katika bakuli. Kisha tukaenda msituni.

Mizinga yake ni ya namna mbili. Mingine ni ya magogo yaliyochimbwa ndani, mingine ni ya magome. Wa gome hutengenezwa hivi: hubanduliwa gome la mti mzima kwa mviringo, likafungwa kwa kamba za miti, likazibwa huku na huku, kisha likatundikwa juu ya mti mrefu. Juu, kwa sababu chini kuna nyegere, kuna siafu, kuna moto wa nyika, na kuna mwizi. Mzinga wa gome ni rahisi na mwepesi, lakini mti uliobanduliwa gome lake lote hufa. Mzee alijua hayo. Alinionyesha kwamba siku hizi atumia zaidi magogo, maana gogo moja hudumu miaka mingi.

Tulipokaa kupumzika ndipo aliponiambia lile neno. Alisema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kuandika. Jirani yangu amekata miti akalima mahindi. Jina lake liko katika daftari, apate mbolea ya ruzuku. Vema, simwonei wivu. Lakini mimi niliyeiacha miti isimame, jina langu limeandikwa katika daftari gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Basi niliporudi kijijini jioni nikawauliza wengine, na maneno yakawa mengi.

Ruzuku ni nini?

Kwanza tuelewane. Ruzuku ni fedha ya Serikali inayolipa sehemu ya gharama ya mtu, kusudi aweze kufanya kazi ambayo peke yake asingeiweza. Kwetu si jambo geni. Wakulima wa mikoa yetu ya kusini wanazikumbuka vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008. Tena tarehe 8 Agosti 2022, sikukuu ya Nanenane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya mpango mpya wa mbolea ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 ambao bei yake sokoni ilikuwa imepita shilingi 100,000 ukauzwa kwa shilingi 70,000. Wakulima wa korosho nao hupewa salfa ya kupulizia mikorosho yao. Basi si ajabu mfuga nyuki akiuliza, "Na mimi je?"

Waliotaka na waliokataa

Mwenye duka mmoja alikataa kabisa. Alisema, "Nyuki ni mdudu wa Mungu. Hapaliliwi, hanunuliwi mbolea, hachanjwi. Kodi yangu imnunulie nyumba kwa sababu gani? Zahanati haina dawa za kutosha, na watoto wanakaa wengi katika dawati moja. Anzeni huko." Kisha akaongeza kwa kucheka kwamba yeye mwenyewe ameiona mizinga ya msaada, mmoja umekuwa kiota cha kuku na mwingine kabati la vyombo. Watu walicheka, lakini si mzaha mtupu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mizinga ya kisasa iliyogawiwa bure imekaa miaka mitupu, ama kwa kuwa ilitundikwa pasipo maji wala maua, ama kwa kuwa aliyepewa hakufundishwa kumvuta nyuki aingie.

Mama mmoja wa kikundi cha akina mama hakukubali. Alisema, "Mizinga ya juu ya miti mirefu ni ya wanaume. Nani atanipandisha usiku na mwenge mkononi? Lakini mzinga wa sanduku hutundikwa chini, kimo cha kiuno. Huo naufikia hata mimi. Ila sanduku, vazi la kujikinga, buti na bomba la moshi, vyote pamoja si bei ya mkulima wa ulezi. Nikisaidiwa mara moja tu, mwaka wa pili sitaomba tena." Neno lake lina uzito, maana mzinga wa chini umemfungulia mwanamke kazi ambayo zamani haikuwa yake.

Mkulima wa alizeti naye alisema neno ambalo wenzake hawakulitazamia. Yeye hana mzinga hata mmoja, lakini alitaka wafuga nyuki wasaidiwe. Sababu yake ni hii. Nyuki akiingia katika ua hujipaka chavua, akaipeleka katika ua jingine, ndipo mbegu zishike. Mahindi hayamhitaji nyuki, kwa kuwa chavua yake huchukuliwa na upepo. Lakini alizeti, maboga, matango na matikiti humhitaji sana. Nyuki huweza kuruka kilomita tatu na zaidi kutafuta chakula. Kwa hiyo mizinga ya yule mzee yafanya kazi katika mashamba ya watu ambao hawajui hata jina lake, na hakuna anayemlipa.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo nilipoanza kuona jibu. Asali ni mali ya mwenye mzinga, na aiuze ajipatie fedha. Lakini alizeti ya jirani iliyojaa mbegu, mti uliosimama, kijito kisichokauka, hivyo haviuzi. Ni vya wote, kama barabara ile ya lami. Na kitu cha wote, kama wote hawakichangii, huharibika.

Tuwatazame wenzetu

Shauri hili si letu peke yetu. Wamarekani wamelizungumza kwa miaka mingi. Kwa sheria ya mwaka 1949 Serikali yao iliidhamini bei ya chini ya asali. Na sababu mojawapo waliyoitaja ni hiyo hiyo ya nyuki kuhudumia maua ya mashamba. Miaka mingi mpango ule haukuleta shida. Lakini katika miaka ya 1980 bei ya Serikali ikazidi bei ya asali iliyotoka nchi za nje. Matokeo yake yakawa kichekesho: wafuga nyuki waliipelekea Serikali sehemu kubwa ya asali yao ikae katika maghala, na wenye viwanda wakanunua ya nje iliyo rahisi. Gharama ikapanda mno, na katika miaka ya 1990 mpango huo ukaondolewa. Mwaka 2002 asali ilirudishwa katika sheria yao, kwa njia ya mikopo.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilishika njia nyingine. Tangu mwaka 1997 zina mpango wa pamoja wa kusaidia ufugaji nyuki. Kwa miaka ya 2023 mpaka 2027 Umoja huo umetenga euro milioni 60 kila mwaka, na kila nchi huongeza yake. Fedha hiyo haimlipi mtu kwa kila kilo ya asali. Hulipia mafunzo, kupambana na magonjwa ya nyuki, maabara za kupimia asali, na kuwarudishia nyuki waliopotewa na makundi yao.

Tofauti ni kubwa. Wale wa kwanza walilipia asali, ikawajaa maghalani. Hawa wa pili hulipia elimu na vipimo, na asali wauza wenyewe.

Nchi yetu na asali yake

Nasi si wageni katika kazi hii. Tangu zamani za Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa mali zilizotoka katika nchi hii kwenda ng'ambo. Mwaka 1949 Serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya kushughulikia nyuki, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafuga nyuki wa Tabora wakaunda chama chao cha ushirika. Baadaye ikaja Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, kisha Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Sheria hiyo yaruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya nyuki. Yaani kijiji kinaweza kusema: hapa mti haukatwi, hapa ni pa mizinga.

Leo Tanzania hutajwa ya pili katika Afrika kwa wingi wa asali, baada ya Ethiopia. Twapata zaidi kidogo ya tani 30,000 kwa mwaka. Serikali yenyewe imekadiria kwamba misitu yetu ingeweza kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta. Maana yake, kwa kila ndoo tunayorina, ndoo tatu na zaidi zabaki porini.

Na fedha ya kusaidia si kwamba haipo kabisa. Uko Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao hutoa ruzuku kwa watu, vikundi na taasisi kwa kazi za misitu na nyuki. Lakini ili uipate sharti uandike mradi wako vizuri: mahali, gharama, faida, na namna ya kuuendesha. Iko pia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa akina mama, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Uko pia mradi mkubwa wa nyuki uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Ulichaguliwa kwenda Tabora, Kigoma, Katavi, Singida, Shinyanga na Pemba. Songwe haikuwamo katika orodha hiyo.

Sasa mrudieni yule mzee wa Ndalambo. Kuandika mradi hawezi. Mama si yeye, kijana si yeye, mlemavu si yeye. Mkoa wake haumo katika orodha. Ndiyo sababu aliuliza daftari lake liko wapi.

Mimi naonaje?

Naona ruzuku yafaa, ila isiende mahali pasipofaa. Haifai kulipia bei ya asali, maana Wamarekani wametuonyesha mwisho wake. Haifai kumwaga mizinga ya bure kijijini siku ya mkutano, picha zikapigwa, kisha kuku wakataga humo. Mtu asaidiwe nusu ya bei ya mzinga, baada ya kufundishwa, nusu atoe mwenyewe. Mzinga uliotolewa jasho hautakuwa kabati.

Fedha ya wote ilipie vitu vya wote. Alipwe bwana nyuki afike vijijini, si mara moja kwa mwaka bali kila msimu. Kijengwe chumba kimoja safi cha kuchujia na kupimia, kwa kata nzima. Maana asali yenye maji kupita asilimia 20 huchacha, na hakuna mnunuzi wa mbali atakayeitaka. Tena nchi itakayo kuuza asali Ulaya sharti iwe na mpango wa kila mwaka wa kupima kama asali yake haina mabaki ya dawa. Mkulima mmoja hawezi kununua maabara. Na kilicho kikubwa kuliko vyote, kijiji kinachotenga hifadhi ya nyuki kisaidiwe kupima mipaka na kuilinda. Huko kutakuwa kumwandika mzee katika daftari.

Wengine watanijibu kwamba mbolea nayo yaokoa msitu, kwa kuwa aliyevuna magunia mengi katika eka moja hana haja ya kufyeka ya pili. Ni kweli, na mimi siisemi vibaya mbolea. Lakini nani amhakikishia mti kwamba mwenye shamba atatosheka? Gunia la mkaa hulipwa leo. Asali hungoja msimu. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hawezi kungoja maua. Basi asiyesaidiwa kungoja atakata, na akikata, mtundu uliochukua miaka mingi kukua hauwezi kurudishwa kwa ruzuku yoyote.

Yafaa tufanye nini sasa?

Tusikae mikono mifukoni tukingoja. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Hawakusema kaa chini ya mti umngoje.

Kwanza, wafuga nyuki wa kijiji kimoja waungane, baba, mama na vijana pamoja. Kikundi husikika kuliko mtu mmoja.

Pili, wawe na daftari lao wenyewe. Waandike mizinga mingapi ina nyuki, mingapi mitupu, kilo ngapi zimepatikana, na zimeuzwa kwa bei gani. Halmashauri ikiuliza, wawe na la kujibu. Kikundi chenye hesabu ya miaka miwili hakiombi kama maskini.

Tatu, warine sega lililofunikwa tu, kwa moshi na si kwa moto. Moto huua nyuki, huharibu ladha, na mara nyingi ndio unaoanza kuunguza msitu. Wasitupe masega baada ya kuchuja, maana nta ni fedha. Kila Mkristo aliyesikia wimbo wa sifa wa mshumaa katika mkesha wa Pasaka amesikia kazi ya nyuki ikitajwa kanisani.

Nne, ninyi mliosoma, walimu, makarani, makatibu wa vijiji, wasaidieni wazee kuandika. Karatasi ya maombi isiwe ukuta kati ya Serikali na mtu aliyeutunza msitu maisha yake yote. Ni kazi ya jioni moja au mbili tu. Kalamu yako haitaisha wino.

Mimi nimeahidi kuandika barua ya kikundi cha Ndalambo, wakikubaliana wao wenyewe. Tutaomba mafunzo, chumba cha kuchujia, na kupimiwa hifadhi ya nyuki. Fedha ya mkononi hatutaiomba. Tutaona watajibiwaje. Na ninyi wasomaji wa vijiji vingine, kama kwenu kuna kikundi kilichokwisha pata ruzuku ya nyuki, kikafaulu au kikashindwa, semeni wazi ilikuwaje. Aliyeshindwa atufundishe kama yule aliyefaulu, kusudi mwingine asirudie njia ile ile.

Mkipita siku moja katika barabara ya Sumbawanga mwezi wa Oktoba, telemkeni kidogo Ndalambo. Nunueni asali kwa mwenye mzinga mwenyewe, msimpunje bei, kisha mtazame juu mwone majani mekundu yangali yapo.